Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchagua Valvu Mbadala za Nguvu kwa Amplifaya za Zamani

Maswali haya yamekusanywa kwenye meza ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, ambako bado huletwa redio-gramu za Philips na Grundig, amplifaya zilizowahi kufanya kazi kumbini, na mara moja moja mashine ya Kiingereza iliyotoka katika nyumba ya zamani ya shamba la mkonge. Mji uliokuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz upande wa dansi, na Black Star na Lucky Star upande wa taarabu, haukosi wazee waliotunza vyombo vyao vya kusikilizia. Karibu wote huuliza jambo moja: valvu (chupa ya kioo inayokuza sauti) iliyoandikwa kwenye soketi haipatikani, je, waweke ipi? Majibu yaliyo hapa chini yanatokana na msimamo mmoja. Valvu huagizwa na kufika, lakini transfoma ya kutolea sauti ya miaka ya 1950 ikiungua haiagiziki, na mtu wa kuisuka upya kwa tabaka zake zote ni wa kutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo kila mbadala hupimwa kwanza kwa namna utakavyoitendea transfoma hiyo, ndipo tuzungumzie sauti.

Valvu ya nguvu ni ipi kati ya zile zilizomo ndani?

Ni ile inayoiendesha spika kupitia transfoma ya kutolea sauti. Kwa kawaida ni kubwa kuliko valvu ndogo za mwanzo na huwa ya moto kuliko zote, ukiiacha rektifaya, ile inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa moja kwa moja. Ikiwa hamna uhakika, fuateni nyaya za transfoma iliyounganishwa na spika. Upande wa pili zitawafikisha kwenye mguu wa anodi ya valvu hiyo, yaani bamba linalopokea mkondo ndani yake.

Nitajuaje kwamba valvu imekufa kweli?

Hili ndilo swali linalostahili kuulizwa kabla ya mengine yote, kwa sababu sehemu kubwa ya valvu nilizoletewa kuwa ni mbovu zilikuwa zimeuawa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa bado kimekaa pale kikiisubiri valvu mpya.

Anzeni kwa macho. Juu au ubavuni mwa chupa pana doa linalong'aa kama kioo. Hilo ndilo linalonyonya mabaki ya hewa. Likigeuka kuwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na hakuna la kufanya. Mwanga wa buluu unaoonekana kwenye ukuta wa ndani wa chupa hauna ubaya, bali ukungu wa zambarau au waridi unaojaa katikati ya vyuma ni dalili ya gesi. Anodi ikianza kuwa nyekundu, zimeni mara moja, wala msisubiri wimbo umalizike.

Wekundu huo ndio unaowapoteza wengi. Mwenye chombo husema valvu imechoka, hununua nyingine, nayo huwaka nyekundu vile vile. Mkosaji wa kawaida ni kapasita inayopitisha sauti kutoka valvu ya kwanza kwenda gridi ya valvu ya nguvu, ule waya mwembamba unaodhibiti mkondo utokao kathodi kwenda anodi. Kapasita hizo za karatasi hunyonya unyevu, na kwa hewa ya mji wetu zimeunyonya kwa miongo sita. Hapo huanza kuvujisha volti chanya hadi kwenye gridi inayotakiwa kuwa hasi kuliko kathodi, na valvu hufunguka kama bomba lisilo na koki. Kipimo chake ni rahisi: chomoeni valvu ya nguvu, washeni chombo, kisha pimeni volti ya moja kwa moja kati ya mguu wa gridi ya kwanza kwenye soketi na chesisi, yaani fremu ya chuma. Kama bayasi, ile volti hasi ya gridi, hutoka kwenye kathodi, hapo panatakiwa kuwa sifuri. Mkiona hata volti 2 chanya, badilisheni kapasita hiyo kabla ya kuagiza valvu yoyote.

Tahadhari ya kipimo hiki na vingine vyote vilivyomo humu: ndani ya vyombo hivi mna volti 250 hadi 450 au zaidi, nazo hubaki katika kapasita kubwa za umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ziondoeni kwa rezista ya omu elfu kadhaa yenye mwili mkubwa, thibitisheni kwa mita, ndipo mtie mkono. Asiyezoea kazi hii ampelekee fundi.

Herufi na namba zilizoandikwa kwenye valvu zina maana gani?

Katika mfumo wa Ulaya, herufi ya kwanza hueleza hita, ule uzi unaoipasha kathodi moto. E ni hita ya volti 6.3, U ni hita inayotaka mkondo wa miliampea 100, na P ni ya miliampea 300. Hizi mbili za mwisho hufungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kama taa za sherehe. L ni pentodi (valvu ya sehemu tano) ya nguvu, na C ni triodi (ya sehemu tatu) ndogo, kwa hiyo ECL82 ina triodi na pentodi katika chupa moja. Namba zinazoanza na 3 mara nyingi ni za soketi ya oktali, zinazoanza na 4 ni za soketi ya rimlok, na zinazoanza na 8 ni za novali yenye miguu 9.

Mtu akishajua hayo hudhani kwamba PL84 ni EL84 yenye hita tofauti. Sivyo, na mtego huu ulininasa mimi mwenyewe. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mbali EL84 nne, zikaja PL84 nne na maneno matamu kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Nilizichomeka, hita zikawaka kwa wekundu hafifu wa kaa linalokaribia kuzima, na sauti haikutoka kabisa, kwa kuwa hita ya PL84 inataka volti 15. Hasara ilikuwa ya mfuko tu. Lakini ndugu halisi wa PL84 ni EL86, ambayo hita yake ni ya volti 6.3 na inawaka vizuri mno katika soketi ya EL84. Hiyo ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu gridi yake ya pili, iliyo kati ya gridi ya kwanza na anodi, haitakiwi kuzidi volti 200, na katika redio-gramu ya EL84 itakutana na 250 au zaidi. Itapiga kwa muda, tena kwa nguvu, kisha itakufa. UL84 nayo ni wa ukoo wa EL86.

Ni mambo gani ya kulinganisha kabla ya kukubali mbadala?

La kwanza ni miguu: si umbo la kitako peke yake, bali kazi ya kila mguu. Mfano mzuri ni 7591 ya Marekani, ambayo inaingia katika soketi ile ile ya oktali kama 6L6, lakini gridi ya kwanza ya 7591 iko mguu wa 6 na kathodi iko wa 5, ilhali mguu wa 5 wa 6L6 ndio gridi yake ya kwanza. Kuingia si kufaa.

La pili ni mkondo wa hita. Volti zote zinaweza kuwa 6.3, lakini transfoma ya umeme ilisukwa kwa mkondo maalumu. Wati inazoongezewa hazionekani, bali hugeuka joto ndani ya msuko.

La tatu ni wati ambazo anodi inaweza kustahimili, pamoja na kikomo cha volti cha anodi na cha gridi ya pili. Mbadala ukiwa na uwezo mkubwa kuliko valvu ya asili, hapo hapana tatizo. Ukiwa na uwezo mdogo, hapana mazungumzo.

La nne ni bayasi, yaani ile volti hasi inayozuia valvu isifunguke kupita kiasi. Valvu mbili zenye miguu sawa na hita sawa zinaweza kutaka bayasi zilizotofautiana sana.

La tano, ambalo wengi hulisahau kwa kuwa halionekani kwa mita ya kawaida, ni mzigo wa transfoma ya kutolea sauti, yaani omu ambazo valvu inaziona kwenye transfoma hiyo. EL84 moja inayofanya kazi peke yake kwa volti 250 inataka omu 5,200 hivi, na EL41 inataka omu 7,000. Mzigo ukikosea kidogo, wati hupungua na mikwaruzo huongezeka. Ukikosea sana, hakuna valvu ya bei yoyote itakayotoa sauti safi.

Chombo changu kinatumia EL84. Niweke ipi?

Hapa mna bahati, kwa sababu EL84 inatengenezwa hadi leo Slovakia, Urusi na China. 6BQ5 ni jina la Kimarekani la valvu hiyo hiyo. Ya Kirusi iliyoandikwa 6П14П huingia moja kwa moja, na ya Kichina iliyoandikwa 6P14 vile vile. Ile ya Kirusi yenye herufi ЕВ mwishoni ilitengenezwa kwa kazi ngumu zaidi, nami huipendelea katika vyombo vinavyosukuma EL84 hadi ukingoni mwa uwezo wake. 7189 ya Marekani inahimili volti nyingi zaidi kwenye anodi, kwa hiyo 7189 inaweza kuchukua nafasi ya EL84, lakini EL84 ya kawaida isiwekwe katika amplifaya iliyobuniwa kwa 7189 na yenye volti 400.

Jambo moja la kutazama chini ya chesisi: miguu ya 1, 6 na 8 ya EL84 hairuhusiwi kutumiwa, lakini baadhi ya watengenezaji na mafundi wa zamani waliitumia kama mahali pa kulehemia nyaya nyingine. Valvu ya kiwanda kingine inaweza kuwa imeunganisha kitu ndani kwenye miguu hiyo. Wekeni nyaya hizo mahali pengine kwanza.

Na kama ni EL41 ya zamani zaidi?

EL41 imekuwa adimu, na zilizobaki nyingi zina ugonjwa wa gridi, yaani gridi hupitisha mkondo isiopaswa kuupitisha. Adapta ya kutoka rimlok kwenda novali huruhusu kuweka EL84, na hita huongezeka kwa ampea 0.05 tu, ambayo si kitu. Tatizo ni kwamba EL84 ni valvu yenye hamu kubwa ya mkondo: EL41 huvuta miliampea 36 kwenye anodi, EL84 huvuta 48 ikipewa nafasi yake. Rezista ya kathodi ya omu 170 iliyowekwa kwa ajili ya EL41 iachwe pale pale, kwa maana hiyo ndiyo itakayoishika EL84 isizidishe, kisha pimeni. Kwa ladha yangu, sauti hubaki nzuri kwa taarabu na kwa taarifa ya habari. Anayetafuta besi ya kutikisa madirisha asihangaike na redio ya EL41.

Je, naweza kuweka 6L6 badala ya 6V6 ili nipate nguvu zaidi?

Zinachomekana bila kubadilisha waya hata mmoja, na ndiyo maana transfoma nyingi zimeungua. Hita ya 6V6 inataka ampea 0.45, ya 6L6 inataka 0.9. Kwa jozi moja mmeiongezea transfoma ya umeme ampea 0.9 isiyoitarajia, na bado hatujahesabu mkondo wa anodi utakaoongezeka. Nguvu yenyewe haiji, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti ilichaguliwa kwa mzigo wa 6V6. Ikiwa 6V6 zimekosekana, tafuteni 6П6С ya Kirusi au 6P6P ya Kichina. 6AQ5, ambayo pia huitwa EL90, ni kama 6V6 iliyowekwa katika chupa ndogo ya miguu 7, lakini volti yake ya anodi haitakiwi kuzidi 250, hivyo si ya kila chombo hata kwa adapta.

EL34, 6L6, KT66 na KT88 zinabadilishana?

Kwa masharti, na masharti hutofautiana kwa kila upande.

EL34 ina gridi ya tatu inayotoka peke yake kwenye mguu wa 1. Katika soketi ya 6L6 mguu huo huenda haukuunganishwa popote, au umefanywa kituo cha waya mwingine wenye volti. Mguu wa 1 na wa 8 lazima viunganishwe kabla EL34 haijawekwa. Kisha hita: 1.5 badala ya 0.9, yaani kwa jozi ni ampea 1.2 zaidi, karibu wati 7.6 za joto kwenye transfoma ya umeme. Mimi hukataa kazi hiyo isipokuwa transfoma ni kubwa waziwazi.

KT66 ndiyo iliyo ndani ya amplifaya za Kiingereza Quad II ya mwaka 1953 na Leak TL/12. Hita yake ni ampea 1.3 hivi, na anodi yake huhimili wati 25. Hapo 6L6GC ya leo huweza kukaa kwa amani: hita inapungua, na anodi inahimili wati 30. 6П3С ya Kirusi ina anodi ya wati 20 na ushei tu, hiyo nisingeiweka. Katika Quad II valvu mbili za nguvu hutumia rezista moja ya kathodi ya omu 180, na rezista hiyo ikiisha kuzeeka hubadili thamani yake, kwa hiyo ipimwe au ibadilishwe kabla ya kuzilaumu valvu.

KT88 katika nafasi ya EL34 huongeza ampea 0.1 tu ya hita, jambo linalowavutia watu. Lakini KT88 inataka bayasi iliyo hasi zaidi. Kama kidhibiti cha bayasi hakifiki huko, valvu itakuwa inakimbia daima, na transfoma nayo itakuwa inaibeba.

ECL82 na ECL86 je?

Hapana. Majina yanafanana, miguu haifanani. Kila moja itafutiwe ya kwake.

Valvu mbili za nguvu ni lazima zilingane?

Katika amplifaya ambamo valvu mbili husukumana na kuvutana, mikondo yake hupita kwenye transfoma kwa pande zilizopingana, na sumaku zake hufutana katika chuma. Chuma hicho hakina mwanya wa hewa kama kile cha valvu moja, hivyo upande mmoja ukizidi sana, chuma hushiba na besi huwa ya kwanza kupotea. Kwa jozi ya EL84 tofauti ya miliampea 3 au 4 hainikoseshi usingizi. Ikifika 10 nabadilisha. Mnunuapo, agizeni jozi zilizolinganishwa, lakini zipimeni wenyewe.

Nikishaweka valvu mbadala, napima nini?

Hapa nitaonyesha kazi moja kama ilivyofanyika. Mzee mmoja wa Chumbageni alileta redio-gramu yenye EL84 moja, na baada ya "shikamoo" na "marahaba" akasema kwa ufupi kwamba ilikuwa ikinuka. Kapasita ya gridi ilikuwa inavuja. Niliibadilisha, nikaweka 6П14П, nikaunganisha spika, kwa kuwa amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika hata siku moja. Nilipitisha umeme kwanza kwenye balbu ya uzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikawaka kidogo, ikafifia. Ingeendelea kung'aa kwa nguvu, ningejua pana shoti. Ndipo nikaiondoa balbu na kusubiri dakika 10.

Volti kwenye rezista ya kathodi ilikuwa 7.1, na rezista yenyewe, niliyoipima chombo kikiwa kimezimwa, ilikuwa omu 130. Kugawa 7.1 kwa 130 kunatoa miliampea 54.6. Humo mna mkondo wa gridi ya pili, karibu 5.5, kwa hiyo za anodi ni 49. Kati ya anodi na kathodi palikuwa na volti 242. Kuzidisha 242 kwa 0.049 kunatoa wati 11.9, na kikomo cha EL84 ni wati 12. Kwa karatasi ilikuwa ndani ya mpaka. Kwa roho yangu ilikuwa karibu mno, hivyo niliweka rezista ya omu 150 nikairudisha kwenye wati 10 na ushei. Mzee hakuona tofauti ya sauti, na harufu ilikoma.

Katika amplifaya zenye bayasi inayorekebishwa, fuateni kipimo cha mtengenezaji. Dynaco Stereo 70 ya mwaka 1959, kwa mfano, hurekebishwa hadi volti 1.56 kwenye rezista ya omu 15.6, yaani miliampea 100 kwa jozi ya EL34.

Umeme wetu wa volti 230 una athari gani?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chombo kilichowekwa kwenye volti 220 kikipewa 230, hita za 6.3 hupata 6.6, jambo linalovumilika. Umeme ukipanda usiku hadi 245, hita hupata 7.0, ambazo ni zaidi ya asilimia 10 juu. Tazameni nyuma ya chombo: vingi vina kiteuzi chenye 240 au 245, na mara nyingi hakijaguswa tangu dukani. Vyombo vya Marekani vya volti 117 vitumie transfoma ya kushusha, na kumbukeni kwamba vilibuniwa kwa hezi 60. Kwa hezi 50 transfoma yake hupata joto zaidi, na hapo kuongeza mzigo wa hita ni kuitafutia ajali.

Naweza pia kubadilisha rektifaya?

Msichanganye kazi mbili kwa wakati mmoja. 5U4 haifai kuwekwa badala ya GZ34 kwa kuwa hita yake inataka ampea 3 dhidi ya 1.9, na kuweka daiodi hupandisha volti ya anodi za valvu za nguvu, jambo linalovuruga hesabu yote iliyotangulia.

Valvu mpya yenye jina la Mullard ni ile ile ya zamani?

Sivyo. Mullard wa zamani walitengeneza Blackburn, Uingereza. Jina hilo sasa huchapwa kwenye valvu zinazotengenezwa Saratov, Urusi. Hazina ubaya wowote, ila zisinunuliwe kwa bei ya mzimu wa Blackburn. Someni mahali zilipotengenezwa, si rangi ya boksi.

Mbona valvu nzuri hukwaruza zinapokaa hapa Tanga?

Hewa ya bahari huweka ukungu wa kijani kwenye miguu na ndani ya soketi, hasa kwa nyumba za Raskazone na Sahare zinazopokea upepo moja kwa moja. Tieni spiriti safi kwenye mguu wa valvu, ichomekeni na kuichomoa mara kadhaa chombo kikiwa kimezimwa na kimeondolewa chaji, kisha mkaze meno ya soketi kwa sindano. Msasa usitumike kwenye miguu, kwa maana huondoa ganda la juu na kutu hurudi kabla ya masika yanayofuata. Soketi iliyoungua na kuwa nyeusi kati ya mguu wa anodi na wa hita haisafishwi. Ule weusi ni kaboni inayopitisha umeme, na soketi ya kauri ndiyo ya kuweka hapo.